Kimea: Uji Mzito Ambao Mtoto Anaweza Kuumeza

Mtoto wa miezi 8 akikataa uji mzito, wazazi wengi huongeza maji. Uji unashuka vizuri, lakini chakula kilichomo kimepungua. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240 kwa mlo mmoja, yaani kikombe kimoja tu. Kikombe cha uji mwepesi chaweza kuwa na gramu 12 za unga. Cha uji mzito, gramu 48. Utafiti wa KDHS wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 nchini Kenya wamedumaa, na uji wa maji maji ni mojawapo ya sababu tunazoweza kuziondoa nyumbani.

Wanga ni minyororo mirefu ya sukari. Ukipikwa hufyonza maji na kufura, ndiyo maana uji hushikana. Mwili hautumii mnyororo mzima; lazima ukatwe vipande, na wakataji ni vimeng'enya. Kila kimoja kina kazi yake. Amilesi, iliyo katika mate na katika maji ya kongosho, hukata wanga. Pepsini huanza kukata protini tumboni, kisha vimeng'enya vya kongosho huendelea katika utumbo mwembamba. Kongosho la mtoto mchanga hutoa amilesi kidogo sana, na hiyo ni sababu moja ya kutompa uji kabla ya miezi 6.

Punje ya nafaka inapochipua hutengeneza amilesi yake ili kulisha mche. Punje hiyo ikikaushwa na kusagwa ndiyo kimea, kilekile wanachokijua wapika busaa. (Uji wako hautakuwa pombe. Pombe huhitaji hamira na muda.)

Wimbi ndiyo bora. Ioshe, iloweke usiku mmoja, imwage maji, kisha uifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa siku 2 hadi 3. Ikichipua, ianike juani ikauke kabisa, pukusa machipukizi uyatupe, halafu isage. Ukitumia mtama, usiache chipukizi hata moja, kwa sababu machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi. Punje yenye ukungu itupe.

Pika uji mzito hadi uive, uepue, uache upoe kidogo. Kimea kikitiwa katika uji unaochemka, vimeng'enya huharibika na hakuna kitakachotokea. Tia kijiko kimoja cha chai kwa kila kikombe, koroga, subiri dakika chache. Utaona uji ukilegea bila kuongeza tone la maji. Sasa urudishe motoni uchemke tena dakika chache ili kuua vijidudu, kisha umpe mtoto siku hiyohiyo.

Kimea hakiongezi protini. Ongeza omena iliyosagwa, yai, maziwa au maharagwe. Maharagwe yaive sawasawa: yakiwa mabichi yana vitu vinavyozuia vimeng'enya vya protini kufanya kazi, na moto wa kutosha huviharibu. Mtoto aliye mgonjwa au anayepungua uzito apelekwe kliniki pamoja na kijitabu chake cha mama na mtoto. Kimea si dawa ya utapiamlo mkali.