Mtoto akifinyanga zimwi, tusilivunje

Hapa Eringeti mwanafunzi wangu mmoja, aliyekimbia vita na jamaa yake, alifinyanga zimwi la udongo lenye meno ya mahindi. Mama yake alitaka kulitupa. Nilimwomba tulitunze darasani.

Wajapani nao walifanya hivyo. Baada ya mabomu ya 1945, ambayo sehemu kubwa ya urani yake ilitoka Shinkolobwe, kwetu Katanga, walitoa mwaka 1954 filamu ya Godzilla, zimwi lililoamshwa na bomu. Vichezeo vyake vya zamani leo vinatunzwa na watu wazima kama mali.

Mtoto huweka woga wake ndani ya kichezeo. Nilimuuliza yule: "Zimwi lako linakuja saa ngapi?" Alijibu: "Usiku." Mama yake alimkumbatia. Wamama, tuulize, halafu tusikilize.