Risasi Zenye Utando na Kipimo cha Shabaha

Neno risasi katika Kiswahili lina maana mbili. Ni yale madini mazito na laini ya rangi ya kijivu, na ni kile kitu kirushwacho na bunduki au bastola. Lugha haikukosea, kwani kwa karne nyingi kitu hicho kilitengenezwa kwa madini hayo matupu. Mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, habari hizi si ngeni, maana hapo ndipo lilipo Shirika la Mzinga, lililoundwa mwaka 1974, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kutengeneza risasi. (Mzinga nao una maana mbili, wa nyuki na wa vita.) Ili msomaji asichanganyikiwe, katika makala haya kile kinachoruka kitaitwa kichwa, na jina la madini litabaki kuwa madini ya risasi.

Kichwa cha madini matupu kinapopita katika mtutu husuguliwa na chuma, na gesi ya moto itokayo kwenye baruti hupenya pembeni na kukilamba. Madini ya risasi huyeyuka katika nyuzi 327 tu za Sentigredi. Sehemu yake hubaki imeganda ndani ya mtutu, na baada ya milio mingi shabaha huharibika. Dawa ya zamani ni kukivika kichwa shaba nyekundu, ambayo huyeyuka katika nyuzi 1,085. Lakini shaba ina gharama. Dawa mpya zaidi ni kukipaka kichwa utando mwembamba wa plastiki maalumu na kuuoka katika joko hadi ushike.

Wanaozipenda zaidi risasi za namna hii ni washindani wa bastola. Katika mashindano ya mtindo wa IPSC, chama cha kimataifa kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, mlengaji huweza kumaliza maelfu ya risasi kwa mwaka katika mazoezi. Katika nchi ambazo sheria inaruhusu, wengi wao huokota maganda na kuyajaza upya. Nchini Tanzania utengenezaji wa risasi hauruhusiwi bila leseni, na wala si kazi ya maabara ya shule. Lakini swali ambalo washindani hao hubishania ni swali la fizikia na hisabati: je, kichwa chenye utando hulenga sawasawa na kile cha shaba?

Ndani ya mtutu mna michirizi iliyosokotwa ambayo hukizungusha kichwa ili kisipinduke hewani. Hebu ichukuliwe bastola ambayo michirizi yake hukamilisha mzunguko mmoja katika kila milimita 250, na kichwa kinachotoka kwa mwendo wa mita 350 kwa sekunde. Kichwa hicho huzunguka mara 1,400 kwa sekunde. Sasa utando ukiwa mnene upande mmoja kuliko mwingine kwa milimita 0.02, kitovu cha uzito huhama kwa milimita 0.01 kutoka kwenye mhimili. Kikiwa ndani ya mtutu, kitovu hicho hulazimishwa kuzunguka. Kikitoka, hurushwa pembeni kama jiwe la teo. Mwendo wake wa pembeni ni 2 × 3.14 × 1,400 × 0.00001, yaani karibu mita 0.09 kwa sekunde. Safari ya mita 25 huchukua sekunde 0.07, basi kichwa huangukia kando kwa milimita 6 hivi. Ndiyo maana watengenezaji makini hukipitisha kila kichwa, baada ya kupakwa, katika tundu la chuma la kipenyo kimoja, ili utando ulingane pande zote.

Milimita 6 ni kosa kubwa au dogo? Duara la alama 10 katika shabaha ya usahihi ya mita 25 ya Olimpiki lina kipenyo cha milimita 50. Si kosa la kudharauliwa, ila kuliona ni kazi ngumu kuliko wengi wanavyodhani.

Desturi ya walengaji ni kupiga risasi tano na kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Kipimo hiki kina udhaifu mkubwa. Kwanza, hukua kadiri risasi zinavyoongezeka: kundi la risasi kumi huwa pana kuliko la tano kwa karibu robo, hata kama risasi ni zile zile. Pili, hutegemea matundu mawili tu na kuyapuuza mengine yote. Aina ambayo makundi yake ya risasi tano yana wastani wa milimita 60 yaweza leo kutoa 45 na kesho 75, pasipo kitu chochote kubadilika. Wangapi wamesifu au kulaani aina fulani ya risasi kwa ushahidi wa namna hiyo!

Njia bora ni kutafuta kitovu cha matundu yote, kupima umbali wa kila tundu kutoka hapo, na kuchukua wastani. Kwa risasi 25 wastani huo huwa na wasiwasi wa asilimia 10 hivi. Kwa risasi 100, asilimia 5. Kupunguza wasiwasi kwa nusu hudai risasi mara nne.

Kisha kuna mkono wa binadamu. Makosa yasiyotegemeana hayajumlishwi moja kwa moja, bali kwa mraba, kama pande za pembetatu ya Pythagoras. Tuseme mkono wa mlengaji hutawanya kwa milimita 40, risasi ya kwanza kwa 15 na ya pili kwa 20. Jumla ya kwanza ni kipeuo cha pili cha 1,825, yaani 42.7, ya pili ni kipeuo cha 2,000, yaani 44.7. Risasi mbaya zaidi kwa theluthi nzima imefichwa na mkono, imebaki tofauti ya milimita 2 tu! Kwa sababu hiyo upimaji wa kweli hufanywa kwa mtutu uliofungwa imara, na mtutu husafishwa kabla ya kubadili aina, ili masizi ya aina moja yasiitie hatiani nyingine.

Kwa mlengaji wa kawaida, basi, kinachobaki kuamua ni bei na afya. Madini ya risasi ni sumu ya damu na ubongo, hasa kwa watoto, na Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kuwa salama. Utando hufunika hata kitako cha kichwa, ambacho katika vichwa vingi vya shaba huachwa wazi kuelekea moto wa baruti. Hata hivyo fataki nyingi nazo zina kemikali za madini hayo, kwa hiyo moshi haujawa safi, na mikono yapasa kuoshwa.

Shule yoyote yaweza kuliona jambo hili bila silaha. Gololi iteremshwe katika mfereji wa bati uliofungwa mezani, iangukie karatasi nyeupe iliyofunikwa na karatasi ya kaboni. Iachiwe mara 25 kutoka alama ile ile. Kisha gololi hiyo ipakwe nta ya mshumaa upande mmoja, iachiwe mara 25 nyingine kwenye karatasi mpya, na wastani wa umbali kutoka kitovu ulinganishwe. Mwishoni mfereji ufunguliwe, mwanafunzi aushike kwa mkono ulionyooshwa, na majaribio yote mawili yarudiwe; ndipo darasa litafute ile tofauti ya nta imekwenda wapi.