Je, Wajua? Uzito wa Sabuni ya Maji Hutokana na Chumvi

Je, wajua kwamba sabuni ya maji inayotengenezwa nyumbani na kuuzwa kwenye chupa za plastiki, Musoma hadi Bunda, hufanywa nzito kwa chumvi ya mezani? Mtengenezaji hukoroga kemikali mbili za kusafishia, salfoniki na slesi, kisha hutia chumvi kidogo kidogo mpaka iwe nzito. Akizidisha, inalegea tena.

Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Molekuli zikiwa nyingi hukusanyika, mikia ndani na vichwa nje, zikawa vidonge visivyoonekana kwa macho viitwavyo miseli. James William McBain wa Bristol, Uingereza, alilipendekeza wazo hilo mwaka 1913. Chumvi hupunguza kusukumana kwa vichwa, vidonge vinarefuka vikawa kama nyuzi, na nyuzi husokotana. Kwa hiyo mteja anayeinamisha chupa ili apime ubora, anapima chumvi.

Ngozi nayo haiumizwi sana na miseli. Wasumbufu wakuu ni molekuli zinazozurura moja moja: hizo hupenya tabaka la juu, hung'ang'ania protini na kuvuruga mafuta ya ngozi. Slesi ina kichwa kikubwa, hivyo hupenya kwa shida. Wanaotengeneza sabuni za uso huongeza betaini inayotokana na mafuta ya nazi. Hiyo hujipenyeza ndani ya miseli na kuzivuta zile zinazozurura. Sabuni ya vyombo haikupikwa kwa hesabu hiyo, hata ikinukia limau, basi usiipeleke usoni.

Je, wajua kwamba Dove, mche wa kuogea ulioingia sokoni Marekani mwaka 1957, kwa sehemu kubwa si sabuni? Sabuni ya mche ya kawaida ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 10 hivi, ilhali uso wa ngozi uko karibu na 5. Kisafishaji kikuu cha Dove, kilichotokana na nazi, hakihitaji alkali kali namna hiyo.

Na maji je? Ya Ziwa Victoria ni laini, yaani hayana kalisi nyingi, hivyo sabuni hutoa povu upesi. Wanaopata maji ya mradi wa Mugango–Kiabakari–Butiama wanaoga maji hayo hayo ya ziwa. Kwenye kisima chenye kalisi nyingi, mche wa kawaida huacha utando mweupe kwenye beseni zima na juu ya ngozi pia. Visafishaji vya jamii ya Dove haviachi utando wa namna hiyo.