Istilahi za Safari za Anga za Juu: Tuazime kwa Mabaharia wa Kusini?

Mwaka 1984, huko Uingereza, David Braben na Ian Bell walitoa mchezo wa kompyuta uitwao Elite. Mchezaji hupewa chombo kimoja na sarafu 100 za mchezo, kisha huachiwa afanye biashara baina ya nyota na nyota. Hununua bidhaa mahali zilipo rahisi, husafiri, na huziuza mahali zilipo ghali. Njiani huwamo maharamia, na mafuta ya chombo hayatoshi safari ndefu kwa mkupuo mmoja. Baadaye ilitokea michezo ya namna hiyo inayochezwa mtandaoni na watu wengi kwa pamoja, kama vile EVE Online uliotolewa na kampuni ya Iceland mwaka 2003, na Elite Dangerous wa mwaka 2014.

Msomaji aliyekulia Mikindani, Msimbati au kwenye maingilio ya Mto Ruvuma atauliza: je, hiyo si biashara ya majahazi? Swali hilo ndilo lililozaa makala haya. Mfasiri anayetaka kuueleza mchezo huo kwa Kiswahili huanza kwa kuhofu kwamba lugha haina maneno. Ukweli ni kwamba maneno yako mengi, na mengine yamelala katika vinywa vya mabaharia wazee wa pwani. Kazi iliyo ngumu zaidi ni kupima lipi litafaa na lipi litampoteza mtumiaji.

Jambo hilo si la mchezo tu. Mchezo wa aina hii huendeshwa kwa menyu, yaani orodha za amri ambazo mtumiaji huchagua moja. Mkulima wa korosho anayepokea au kutuma fedha kwa simu naye hupita katika menyu kama hizo, peke yake, pasipo mwalimu wala mkalimani. Akichagua neno asilolielewa, fedha huenda kusikotakiwa. Kwa hiyo mchezo ni uwanja mzuri wa mazoezi kwa wafasiri: makosa yanaonekana mara moja, na hasara yake ni ya sarafu za kuwaziwa.

Maneno yaliyokwisha kusafiri

Kuazima maneno ya bahari si jambo geni katika Kiswahili. Rubani alikuwa mtu ajuaye njia ya maji, anayeongoza chombo kupita katikati ya miamba mpaka bandarini. Ndege zilipokuja, neno likapanda angani, na leo wengi hawajui kwamba liliwahi kuwa la bahari. Usukani ulikuwa wa chombo, sasa uko mikononi mwa dereva wa basi. Nauli ilikuwa malipo ya kupakia katika chombo cha baharini, sasa hutozwa na kondakta. Dira imetoka jahazini ikaingia katika mipango ya maendeleo ya taifa.

Aidha, Kiswahili chenyewe kilikwisha kufika anga za juu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya uchunguzi wa miali ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Jina hilo lingali katika vitabu vya elimu ya nyota duniani.

Hatua za safari moja

Tumfuate sasa mchezaji katika safari moja, tukipima maneno hatua kwa hatua.

Kwanza, mahali penyewe. Neno anga peke yake halitoshi, kwa sababu usafiri wa anga kwetu ni usafiri wa ndege. Ni afadhali kusema anga za juu, na chombo kiitwe chombo cha anga za juu. Mara msomaji akishaelewa, chombo pekee kitatosha, kama kinavyotosha pwani.

Pili, mwenye chombo. Wengi watamwita rubani. Lakini mchezaji wa mchezo huu hununua, huuza, huchagua njia na hubeba hasara: huyo ni nahodha. Rubani ana mahali pake pengine palipo sahihi zaidi. Katika Elite kuna kifaa kinachonunuliwa ili kuingiza chombo kituoni chenyewe, bila mchezaji kushika usukani. Kazi hiyo ndiyo hasa ya rubani wa kale. Bandari ya Mtwara ina kina kirefu, lakini lango lake ni jembamba. Meli kubwa huingizwa na rubani aijuaye njia, wala nahodha haoni aibu kumwachia. Basi kifaa hicho kiitwe rubani wa bandari, na tutakuwa tumerudisha neno nyumbani kwake.

Tatu, kuingia na kutoka. Wafasiri hupenda kusema tia nanga kwa kila chombo kinachosimama bandarini. Baharia atatusahihisha. Meli inayongoja zamu yake nje imetia nanga. Meli iliyofungwa ukutani ikipakua iko gatini. Katika Elite Dangerous tofauti hiyo ni ya lazima, kwani nahodha akiwa umbali usiozidi kilomita 7.5 kutoka kituoni huomba ruhusa, akapewa namba ya mahali pa kutua, ndipo aingie. Asiyeomba ruhusa huadhibiwa. Kwa hiyo amri ziwe tatu: Omba ruhusa, Ingia gatini, Ondoka gatini. Funga gatini ingekuwa Kiswahili safi cha bandarini, lakini katika kompyuta Funga tayari ni amri ya kuondoa dirisha kwenye kioo. Mtumiaji akitaka kufunga chombo akajikuta amefunga mchezo wote, atamlaumu mfasiri, na atakuwa na haki.

Nne, kwenda nyota nyingine. Neno ruka lina matatizo mawili: ndege huruka, na katika menyu nyingi Ruka ni amri ya kupita hatua bila kuitekeleza. Watu wa Ruvuma wana neno bora: kuvuka. Anayetoka Kilambo kwenda Msumbiji huvuka. Aliko kwenda ni ng'ambo. Neno hili limebeba maana ya kuacha upande mmoja na kufika upande wa pili, na ndiyo maana tunayoitaka. Katika EVE Online vyombo hupita mahali maalumu panapounganisha nyota na nyota. Pwani, upenyo wa kupitia kwenye mwamba huitwa mlango. Basi tuseme Vuka mlango, na kila mvuvi wa Ghuba ya Mnazi ataelewa bila kamusi.

Tano, umbali. Mwaka wa nuru ni kipimo cha urefu, si cha muda. Ni takribani kilomita trilioni 9.46. Tangi lililojaa la chombo cha Elite hutosha miaka 7 ya nuru. Mwalimu hana budi kulieleza hilo mapema, la sivyo mwanafunzi atadhani kwamba nahodha amezeeka njiani.

Yapo pia maneno yanayopaswa kubaki baharini. Joshi na demani, yaani upande wa chombo unaokabili upepo na ule uliokingwa, ni maneno mazuri, lakini angani hakuna upepo wa kuvimbisha tanga. Kusi na kaskazi vilevile. Kuyapachika huko kwa sababu tu yana ladha ya pwani ni kuyaharibu.

Soko na ghala

Kwa upande wa biashara, Mtwara haina haja ya kuazima chochote. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, umewazoesha watu mambo ambayo mchezaji wa EVE Online huyakuta katika soko la mchezo. Mali huwekwa ghalani na hubaki pale pale mpaka isafirishwe. Mnunuzi hutaja bei anayoitaka, na hiyo ni zabuni. Kuna ada ya dalali na kuna ushuru. Bei ya kituo kimoja si bei ya kingine. Maneno haya hutamkwa kila msimu wa korosho, nayo yana faida kubwa: yameshatumika katika mabishano ya fedha za kweli, kwa hiyo maana zake hazina utelezi.

Amri moja, maana moja

Kanuni kuu ya menyu ni kwamba neno moja lisifanye kazi mbili mahali pamoja. Tuangalie pakia na pakua. Yalikuwa maneno ya kutia shehena chomboni na kuitoa. Leo pakua ni pia kuleta faili kutoka mtandaoni, na pakia ni kuipeleka huko. Katika mchezo wa mtandaoni maana zote zinakutana kwenye kioo kimoja. Dawa yake ni kutaja kinachotendwa: Pakua shehena, Pakua faili. Ndivyo ilivyo kwa Ingia, ambalo hutumika pia kwa kujitambulisha mtandaoni; tusiliache peke yake pale tunapokusudia Ingia gatini.

Hatari zaidi ni Toa. Katika huduma za fedha kwa simu, Toa Pesa ni kuchukua fedha zako kwa wakala. Nyumbani, kutoa ni kumpa mtu. Amri ya Toa shehena, basi, huweza kueleweka kuwa kushusha, kugawa au kutupa nje. Mchezo wa Elite Dangerous unaruhusu yote hayo mawili, kuuza na kutupa, na atupaye hapati kitu. Tuseme wazi: Uza shehena, Pakua shehena, Tupa shehena.

Kwa upande wa sarufi, amri zote ziwe katika hali moja ya kuamuru, kama vile Nunua, Uza, Vuka. Vichwa vya kurasa viwe nomino: Soko, Ghala, Ramani. Tukichanganya Nunua, Kuuza na Uvukaji katika menyu moja, mtumiaji hatajua lipi ni jina na lipi ni tendo.

Majina ya sayari

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa kanuni hiyo. Jua letu na sayari zake zimo katika Elite Dangerous, na nahodha huchagua aendako kwa jina. Mabaharia na wanazuoni wa pwani walipokea kutoka Kiarabu majina Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Utaridi ni sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Zohali ni ile yenye pete kubwa. Lakini katika baadhi ya orodha zilizotumika shuleni, Utaridi limehamishiwa Pluto na Zohali likapewa Uranus. Sumbula, Sarateni na Kausi, ambayo ni majina ya makundi ya nyota ya falaki, yakafanywa sayari. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo, akiamriwa aende Utaridi, atalipita Jua na kuendelea mpaka ukingoni mwa giza. Nahodha mwenye ramani mbili zisizopatana ni afadhali asing'oe nanga. Kwa maoni yangu, majina ya kale yarudishiwe sayari zake, na zile zilizogunduliwa kwa darubini ziitwe Uranus na Neptuni kama zinavyoitwa na walimwengu.

Mapendekezo

Yafuatayo yanatolewa ili wasomaji wayapime:

Anga za juu: eneo lililo nje ya hewa inayoizunguka Dunia.
Nahodha: mchezaji anayemiliki na kuamuru chombo.
Rubani wa bandari: kifaa kinachoingiza chombo kituoni chenyewe.
Gati: mahali chombo kinapofungwa ndani ya kituo.
Tia nanga: simama nje ya kituo ukingoja.
Vuka: toka nyota moja kwenda nyingine.
Mlango: mahali pa kuvukia.
Shehena: bidhaa zilizomo chomboni.
Ghala: mahali pa kuweka mali kituoni.
Zabuni: bei anayoitaja mnunuzi na kuiacha sokoni.
Menyu: orodha ya amri za kuchagua. Orodha pekee haitoshi, kwa sababu si kila orodha huchaguliwa kitu.
Mwanzo: ukurasa ambao menyu zote hurejea.

Kuhusu neno hili la mwisho, wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baharia ahangaikaye nyuma na mbele ya chombo hana budi kurudi chini, maji yanamokusanyika, ayateke. Hakuna methali inayoeleza menyu vizuri kuliko hiyo, na ilinishawishi kupendekeza Ngamani badala ya Mwanzo. Lakini mwalimu wa Dodoma au karani wa Tabora hatalielewa, na istilahi isiyoeleweka bara ni pambo la pwani tu. Nimeliacha neno hilo, methali nimebaki nayo.

Mashine zinachukua nafasi ya matanga, na wazee walioyajua maneno ya jahazi wanapungua mwaka hadi mwaka. Mwalimu aliyeko Mikindani au Msimbati anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakayaandike kabla hayajazikwa, kila neno pamoja na kazi yake. Mfasiri wa kesho, atakapotafuta jina la jambo ambalo sisi hatujaliona, atajua pa kuanzia.