Harusi Zanzibar, wageni wanatoka Uingereza: zawadi za mezani zitafikaje?

Maharusi wanaishi London, harusi ni Nungwi, wageni 80. Kadi zishatumwa, hoteli ishalipiwa. Linabaki jambo linaloonekana dogo: zile zawadi za shukrani anazokuta kila mgeni kwenye sahani yake. Zitafikaje?

Anza na mzani. Mshumaa au kichupa cha gramu 250 unakishika kiganjani, lakini mara 80 ni kilo 20, na hapo hujapima maboksi. Mashirika mengi ya ndege yanaruhusu begi la kilo 23. Sasa shela na suti vitapanda wapi?

Kuna wanaowagawia ndugu mzigo, kila mmoja abebe vipande kumi. Inasaidia, ila usimpe mtu boksi lililofungwa. Uwanjani ataulizwa kama amepaki mwenyewe na kama anajua kilichomo. Mwache aone, apange mwenyewe kwenye begi lake.

Na angalia ni kitu gani. Viberiti vyenye majina ya maharusi vinapendeza mezani, lakini kwenye ndege havitakiwi kabisa kwenye begi la kupakia. Abiria anaruhusiwa pakiti moja ndogo tu, aliyonayo mwilini. Pia vitu 80 vinavyofanana vinaweza kuonekana kama mzigo wa biashara. Weka risiti na kadi ya harusi karibu, ofisa wa forodha akiuliza umwoneshe.

Mifuko ya plastiki iache. Zanzibar iliipiga marufuku mapema, mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Funga kwa karatasi au kitambaa.

Kutuma kwa kampuni ya vifurushi kunawezekana, lakini kifurushi kinapita forodha bila wewe kuwepo. Kinaweza kutozwa ushuru, kikasubiri nyaraka, na lazima awepo mtu wa kukipokea. Kama harusi ni wiki ijayo, hiyo njia isahau.

Halafu kuna jambo ambalo maharusi wengi hawalifikirii: zawadi inasafiri mara mbili. Ikitoka mezani, mgeni lazima aipeleke kwao. Asali na jamu zinahesabiwa kama vimiminika, kwa hiyo kichupa kinachozidi mililita 100 kitabaki kwenye ukaguzi kama mgeni ana begi la mkononi tu. Pakiti za mbegu za maua nazo ni mtindo unaopendwa, ila Uingereza inataka cheti cha afya ya mimea kwa mbegu za kupanda zinazotoka huku. Nani ataenda kutafuta cheti kwa ajili ya mbegu tano?

Mapambo ya baharini ndiyo mabaya zaidi. Matumbawe na makombe makubwa yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mgeni akikutwa navyo bila kibali, atanyang'anywa na huenda akashtakiwa. Hiyo si shukrani tena, ni kumponza mtu.

Kwa maoni yangu, njia yenye akili ni kununua hukohuko Zanzibar. Sabuni za mwani zinatengenezwa Paje: ni ngumu, hazimwagiki na hazivunjiki. Vikapu vidogo vya ukili ni vyepesi kama karatasi. Mdalasini na hiliki kavu katika pakiti ndogo vinanukia vizuri na havisumbui njiani. Karafuu nunua dukani, ikiwa imepakiwa, na utunze risiti, kwa sababu ni zao ambalo serikali inalisimamia kwa karibu kupitia shirika lake la biashara, ZSTC. Khanga moja kwa kila familia, badala ya kwa kila kichwa, nayo inatosha kabisa, na hesabu inashuka.

Agiza mapema, maana sabuni 80 za umbo moja hazikai dukani zikikusubiri. Tafuta shangazi au rafiki aliye Unguja akazione kwa macho kabla hujalipa zote, kisha azipeleke hotelini siku mbili kabla.

Kutoka London beba lebo zenye majina yenu na utepe. Vyote havifiki nusu kilo, na vinaingia kwenye begi la mkononi.