Kufundisha Seva ya Majina kwa Kutumia Kompyuta ya Mezani

Utangulizi

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha mada ya intaneti. Mtoto mmoja alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, nikiandika jina, kompyuta hujuaje mahali pa kwenda?" Mwalimu akajibu, "Intaneti inajua." Watoto wakaliandika jibu hilo madaftarini mwao.

Mwalimu yule hakuwa mvivu, na andalio lake la somo lilikuwa safi. Kosa lilikuwa letu sisi wakufunzi, tuliompa maneno ya kusema bila kumpa kitu cha kutenda. Makala haya yanakusudia kumwezesha mwalimu kuunda seva ya majina katika kompyuta ya kawaida ya mezani, ili ajibu swali kama lile kwa kuonyesha.

Seva ya majina ni nini?

Kompyuta hutafutana kwa anwani za namba, mathalani 192.168.1.20. Majina yamewekwa kwa ajili ya binadamu. Katika ARPANET, mtandao wa Marekani uliotangulia intaneti, majina yote na namba zake yaliorodheshwa katika faili moja lililotunzwa na Stanford Research Institute huko California, na vituo vingine vililinakili. Mtandao ulipokua, orodha hiyo haikuweza tena kwenda sambamba na mabadiliko. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa kugawana kazi hiyo, ujulikanao kwa herufi DNS.

Ili kuueleza, tuanze na lile mtoto analolijua. Mgeni anayetafuta shule asiyoifahamu huuliza mkoani, akaelekezwa wilayani, kisha katani, hata akafika shuleni. Hakuna hata mmoja kati ya waelekezaji hao aliyejua njia yote, bali kila mmoja alimjua anayefuata. Ndivyo lilivyo jina kama necta.go.tz, ambalo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Seva yetu huanza kwa kuuliza seva za mzizi, zilizo na majina 13, kuanzia herufi A hadi M. Mzizi huielekeza kwa watunzaji wa tz, na kuanzia hapo huelekezwa hatua kwa hatua mpaka kwenye seva inayotunza kumbukumbu za jina lenyewe. Jibu hurudi likiwa na muda wake kwa sekunde. 3600, kwa mfano, ni saa moja. Kabla muda huo haujaisha, seva hujibu kutoka katika kumbukumbu yake bila kuuliza tena.

Matayarisho

Zana zinazohitajika ni kompyuta moja ya mezani yenye mfumo wa Debian, kompyuta ya pili ya kujaribia, na ruta ya kuziunganisha. Fuata hatua zifuatazo:

1. Ipe kompyuta ya mezani anwani isiyobadilika. Hapa tutatumia 192.168.1.10. Kama anwani za ruta yako huanza kwa tarakimu nyingine, badilisha mifano yote ipasavyo.

2. Weka programu iitwayo Unbound kwa amri hii:

sudo apt install unbound

3. Andika faili /etc/unbound/unbound.conf.d/darasa.conf lenye mistari hii:

server:
  interface: 127.0.0.1
  interface: 192.168.1.10
  access-control: 192.168.1.0/24 allow
  local-zone: "home.arpa." static
  local-data: "maktaba.home.arpa. IN A 192.168.1.20"

Mistari ya interface hutaja anwani ambazo seva itapokelea maswali. Wa access-control huruhusu mtandao wetu tu kuuliza. Mistari miwili ya mwisho hutunza jina letu wenyewe, maktaba. Kikomo home.arpa kilitengwa rasmi mwaka 2018 kwa mitandao ya nyumbani, hivyo hakitagongana na jina la mtu mwingine.

4. Kagua maandishi yako, kisha washa upya:

sudo unbound-checkconf
sudo systemctl restart unbound

5. Katika kompyuta ya pili, uliza:

nslookup maktaba.home.arpa 192.168.1.10

Ukijibiwa 192.168.1.20, seva inafanya kazi.

Somo darasani

Anza kwa igizo. Andika katika vipande vya manila: Mzizi, tz, go.tz na necta.go.tz, uwape watoto wanne. Mtoto wa tano ni seva yetu, naye azunguke akiuliza mpaka apate namba, kisha aiandike katika karatasi yake. Uliza swali lile lile mara ya pili. Watoto wataona wenyewe kwamba safari haina haja tena.

Ndipo uende kwenye kompyuta. Uliza necta.go.tz kupitia seva yako, halafu mara moja chomoa waya unaoleta intaneti kwenye ruta, na uwatake watoto wakisie kabla ya kila jaribio. Maktaba itajibiwa, kwa sababu jina hilo limo ndani ya seva. Necta.go.tz nayo itatolewa namba kutoka katika kumbukumbu, maadamu muda wake haujaisha, ingawa tovuti yenyewe haitafunguka. Jina ambalo halijaulizwa kamwe halitapatiwa jibu. Hapo mtoto hutambua jambo ambalo maelezo matupu hayafikishi: kujua anwani ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine.

Tahadhari

Usiiruhusu dunia nzima kuuliza seva yako, wala usifungue mlango namba 53 katika ruta. Wako watu wabaya wanaotuma swali dogo kwa anwani ya kughushi ili seva imrushie mtu asiye na hatia majibu makubwa. Aidha, usizielekeze kompyuta zote za shule kwenye seva ya majaribio, kwani siku utakapoizima, zote zitashindwa kupata majina.

Hitimisho

Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Seva ya majina yenyewe haina elimu nyingine ila kujua pa kuuliza na kukumbuka ilichojibiwa. Mwalimu naye hana budi kuwa hivyo. Mtoto akikuuliza jambo usilolijua, usimwambie "Intaneti inajua." Mwambie, "Tutatafuta pamoja," kisha ukae mbele ya kompyuta ile naye akiwa kando yako.