Majira ya Kuuendea Mlima wa Barafu

Msafiri wa Mwanza aliyeazimu kuuona mlima wenye barafu, yaani Kilimanjaro, hana budi kwanza kuiweka kando kalenda ya nyumbani kwake, kwa kuwa mvua aliyoizoea, ile itokayo ziwani kwa radi na upepo na kuwakimbiza wanawake wa Ukerewe na Ukara kuokoa dagaa walioanikwa mchangani, siyo mvua inayotawala misitu ya Machame na Marangu. Wengi wa Kanda ya Ziwa huchagua mwezi wa safari kwa kuchungulia dirishani, nami nayakinisha kuwa jambo hilo ndilo linalowanyima safari njema watu ambao nauli, afya na azma vyote wanavyo.

Kwa hesabu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, Mwanza na Kilimanjaro zote zimo katika sehemu zipatazo mvua mara mbili kwa mwaka, vuli na masika, na kwa sababu hiyo mtu hudhani kuwa mvua za huku na za kule ni ndugu wa tumbo moja. Walakini undugu wao ni wa mbali. Vuli ya ziwani hutangulia, ikaanza kuigusa Kagera tangu Septemba, ilhali kule mlimani aghalabu hungojewa hadi mwisho wa Oktoba au Novemba. Tena, baina ya vuli na masika, yaani Januari na Februari, Ziwa Viktoria halikomi kutoa mawingu yake, na yale mawe ya Bismarck ya Mwanza huendelea kuoshwa na mvua. Kumbe katika miezi hiyo hiyo mlima umo katika kiangazi cha kweli, asubuhi zake ni angavu na njia zake ni kavu. Aliyeketi Kirumba mjini Mwanza akayatazama mawingu ya Januari, kisha akaiahirisha safari mpaka mvua zipungue, ameiacha fursa impite, na akifunga mzigo mwezi wa Aprili ataikuta masika imekwisha kutandaza matope langoni.

Sababu ya haya ni pepo. Kusi huja kutoka Bahari ya Hindi umebeba unyevu, na unapoukuta mlima umesimama mbele yake hulazimika kupanda, na kadiri unavyopanda hupoa, na unapopoa hushindwa kuyabeba maji yake, ukayamwaga katika mteremko wa kusini. Kwa hiyo Aprili na Mei, kusi inapoanza, njia za Machame, Umbwe na Marangu huloa kupita zote, na njia ya Rongai, iliyo upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, hubaki kavu zaidi. Maji mengi hunyesha katika mkanda wa msitu. Ukiupita msitu mvua hupungua, hata kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya bahari, ni mahali pakavu mno, na kidogo kinachoshuka pale hushuka kwa sura ya theluji. Miezi ya kipupwe, tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba, huwa mikavu, ila ina baridi kali. Na kaskazi ya Januari na Februari ni kavu pia, na ina joto kidogo zaidi.

Baina ya misimu hiyo miwili mikavu, mimi kwa mkazi wa ziwani naikhitari Januari ya mwisho na Februari yote. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo sweta ni vazi la nadra hana sababu ya kujitafutia pepo za Julai, ambazo alfajiri hugandisha maji ndani ya chupa na kuvifanya vidole visiweze kufunga kamba ya kiatu. Isitoshe, Julai na Agosti ndiyo likizo ya Wazungu, na kambi hufurika. Na Februari ina ziada yake: theluji iliyoachwa na vuli bado hupatikana juu, ikiufunika mwamba mweusi, na mlima huonekana kama ulivyo katika picha za vitabu vya shule.

Baada ya mwezi wa kalenda kuna mwezi wa mbinguni, na hapa watu wa ziwa wana ilimu ambayo wengine hawana. Wavuvi wa dagaa huhesabu siku zao kwa giza na mbalamwezi: giza likiingia huwasha taa na kuingia majini, mwezi ukipevuka hupumzika na kutengeneza nyavu, kwa kuwa nuru ya mbinguni huishinda ya taa. Mpandaji hufuata hesabu ile ile kinyumenyume. Safari ya kileleni huanza usiku wa manane, kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo, kwa kuwa usiku mawingu hushuka na changarawe hushikamana kwa baridi, na jua humkuta mtu ukingoni mwa kreta, kwenye kituo cha Stella au cha Gillman. Usiku huo ukiangukia baina ya mwezi 15 na mwezi 18, msafiri hutembea katika nuru iliyo juu ya kichwa chake hadi kunapopambazuka. Mwezi 12 haufai sana, maana hutua kabla ya alfajiri, saa ile ile ambayo miguu imechoka na baridi imezidi.

Lakini anayeiendea barafu yenyewe yampasa ajue habari ya pili, nayo ni ya huzuni. Mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wataalamu wa Ulaya walimkadhibisha, wakisema haiwezekani theluji kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1912 barafu ya mlima ilikuwa takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 ilikuwa imepungua chini ya 2. Tangu mwisho wa karne ya 19 hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, mawingu na theluji vikapungua, na barafu ikaanza kutoweka hewani hata bila ya kuwa maji, jambo linaloonyeshwa na zile kuta zake zilizosimama wima kama za ngome. Kuta zinazotazama kusini hupigwa na jua la Desemba hadi Februari, na zinazotazama kaskazini hupigwa la Juni hadi Agosti. Theluji mpya ndiyo ngao ya barafu, kwa kuwa weupe wake huurudisha mwanga ulikotoka. Vuli ikiwa haba, barafu hubaki imechafuka na uchi. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kuwa barafu za Kilimanjaro na za Mlima Kenya hutarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Kwa sababu hiyo, kwa kijana wa leo, kuchagua mwaka ni jambo zito kuliko kuchagua mwezi, wala simshauri mtu yeyote kungoja uzeeni.

Fauka ya hayo, njia za kawaida za Kilimanjaro hupita kando ya barafu, hazipiti juu yake. Atakaye kuikanyaga, kwa kamba kiunoni na meno ya chuma chini ya viatu, aelekee Bukoba, avuke mpaka Mutukula, afike Kasese nchini Uganda, penye milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 na kilifikiwa mwaka 1906 na mwanamfalme wa Kiitalia, Duke wa Abruzzi. Rwenzori ni milima ya mvua. Mapumziko yake ni Desemba ya mwisho hadi Februari, na Juni hadi Julai, na hata wakati huo mabuti ya mpira ni ya lazima. Mei iepukwe kabisa: mafuriko ya mto Nyamwamba yaliyouharibu mji wa Kilembe, chini ya milima hiyo, mwaka 2013, na tena 2020, yote yalikuwa ya mwezi huo.

Tukirudi Kilimanjaro, wafanyakazi wenye likizo ya Desemba huuliza kama wamekosa bahati. Hawakukosa. Kila mwaka Watanzania wengi hupanda Kilimanjaro katika wiki ya Uhuru, kuikumbuka ile 9 Desemba 1961 ambapo Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge kileleni, nao hupanda ilhali mkia wa vuli bado upo. Sharti wachukue makoti ya mvua, wapendelee Rongai, na wasikubali safari ya siku 5 iwapo wanaweza kulipia 7, maana kimo cha Mwanza, mita 1,100 na kitu, hakimzoeshi mtu hewa nyepesi. Utabiri wa vuli hutolewa kabla msimu haujaanza; usomwe, hasa mwaka wa El Nino, kwa kuwa ile vuli ya 1997 haikukoma Desemba, iliingia mpaka 1998. Na miezi mitatu kabla ya safari, miguu izoezwe kwenye vilima vya Isamilo na Bugando, kupanda na kushuka, mzigo mgongoni, kila jioni isiyo na mvua na baadhi ya zenye mvua.